Mkono wa Kushoto

Spika zilinijia ndani ya boksi la ndizi,
mbili, nyeusi, moja imebonyea pembeni.
Kijana aliyeniuzia alikuwa anahama Riga;
alihesabu pesa zangu mara mbili, kisha akasema:
"Ya kulia hukoroma kidogo ikipata joto.
Kama mjomba. Utaizoea."

Nilikuwa nimechoshwa na zile za tumboni mwa kinanda,
ndogo kama vifuniko vya chupa za maziwa,
zilizofanya kila ninachopiga kisikike
kama kinapigwa ndani ya birika.
Nina miaka hamsini na mitatu, muuguzi wa zamu ya usiku,
najifunza kile ambacho watoto hujifunza
miguu yao ikining'inia.
Nilitaka angalau noti nzito iwe nzito.

Nikaziweka mezani, migongo ukutani,
kila moja na kona yake. Nafasi nyingine ilikuwa ya pasi.
Nikabonyeza Fa ya chini kabisa
na nyumba nzima ikaitikia.
Debe tupu haliachi kutika, wanasema,
ila kabati langu limejaa pomoni, na lilitika.
Nikamwita Madara abonyeze, asiachie,
nami nikatambaa, sikio kwenye kila mlango,
nikigusa vikombe mmoja mmoja
kama ninavyogusa vipaji vya nyuso wodini.
Ilikuwa sarafu. Santimu moja ya kabla ya yuro,
chini ya kisosi, imekaa miaka yote kimya
ikingoja Fa.

Nikaivuta meza. Shubiri moja kutoka ukutani, halafu mbili;
ule uvimbe wa besi ukapungua, kama mguu ulioinuliwa.
Nikazipandisha spika juu ya vitabu vyangu vya famasia
hadi zikanitazama masikioni.
Kutoka hii hadi ile, kutoka kila moja hadi kichwani pangu,
urefu uwe mmoja: nilipima kwa bendeji,
maana futi kamba haionekani tangu Pasaka.
Nikakaa. Sauti ikatoka katikati,
mahali pasipo na spika yoyote.
Nikacheka peke yangu.

Ndipo bomba la joto likagongwa kwa kijiko.
Ngo, ngo, ngo. Skaidrite, ghorofa ya chini.

Nilishuka na mkate mweusi nikiwa na maneno ya kujitetea.
Nikamwacha Madara juu apige kipande changu
namna ninavyokipiga mimi, makosa yote.
Skaidrite akaniketisha kwenye kochi lake.
Hatukusema kitu.
Dari lake lilipitisha besi tu.
Wimbo, ile sehemu ninayoipenda, ninayoipamba,
haukushuka hata tone.
Dum. Dum, dum. Kimya. Dum.
"Hapo," akasema, "hapo ndipo unapokwama
kila siku saa kumi na nusu."

Basi miezi yote hii jirani yangu
alinijua kwa mkono wangu wa kushoto peke yake,
ule mzembe, ule unaochelewa,
ule ninaouficha chini ya mwenzake.

Nyuma ya kila spika kuna swichi ndogo ya besi:
sifuri, kutoa mbili, kutoa nne.
Nikatoa nne. Chini ya vitabu nikatia
vipande vya godoro kuukuu.
Bomba likanyamaza wiki nzima,
nami nikapiga muziki safi, mwembamba,
kama supu ya mgonjwa.

Ijumaa tukakutana kwenye masanduku ya barua.
Alikuwa anatafuta ufunguo, hakuinua macho.
"Pale," akauliza, "ulishapavuka?"

Nikapanda ngazi. Sikuvua koti.
Nikapeleka kidole nyuma ya spika, gizani,
nikairudisha kwenye mbili.
Nikasubiri saa kumi na nusu.
Ya kulia ilikuwa imeshapata joto, inakoroma.
Nikaanza na mkono wa kushoto.